Ndani ya Ndege ya Kimya

Ukoo mzima ulimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao, na jina hilo halikumwacha hata mvi zilipomwingia kichwani. Kazini tu ndiko alikopata cheo kingine. Huko alikuwa Fundi, na alikuwa fundi kweli, wa meno ya bandia. Daktari akishachukua vipimo vya fizi, vipimo vililetwa katika chumba cha nyuma chenye madirisha makubwa, na Kitinda ndiye aliyemwaga plasta, akachonga nta, akapanga jino baada ya jino mpaka kinywa cha mtu asiyemjua kikakamilika mezani pake.

Alianza pale kwa kuosha bakuli za plasta. Siku moja fundi mkuu alimkuta akichonga jino kwa nta iliyokuwa ya kutupwa. Akaligeuza lile jino, akaligeuza tena, kisha akamwambia, "Kesho usiende kwenye karai. Kaa hapa." Alikaa, tangu ujana mpaka ujane. Watoto walikua wakaenda zao, mume akatangulia mbele ya haki, na Kitinda akabaki na meza yake, drili yake ndogo ya mkono, na miwani yenye lenzi aliyoivaa kichwani na kuishusha machoni alipotaka kuona vizuri.

"Lenzi ni mmbea," alipenda kuwaambia waliokuja kujifunza. "Kazi yake ni kutoa aibu za watu. Ukitazama kwa macho matupu unasema hii kazi safi. Shusha lenzi sasa. Hapa kuna povu, hapa kuna mkwaruzo, na hapa fundi alikuwa ameshachoka anawaza kwake." Mwenyewe hakuwahi kuona kazi ya mkono wa mtu, hata yake, ambayo lenzi haikuivua nguo.

Mdomo wake haukuwa na breki, na labda ndiyo maana hakumjua vizuri kaka yake.

Kaka huyo ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa tumbo lile lile, na watu walimwita Kimya. Alipoondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi, Kitinda alikuwa angali anatambaa. Utoto wake wote alimjua kama mgeni anayekuja mara moja moja, anavua viatu mlangoni, anauliza kama watu ni wazima, anakaa, halafu viatu havipo tena. Baadaye wakajikuta wanaishi mji mmoja, mitaa miwili tofauti. Kimya alikuwa mtunza stoo katika karakana ya malori. Aliijua kila nati mahali ilipolala, akastaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia habari za stoo wala za nati.

Kila Jumamosi Kitinda alikwenda nyumbani kwa kaka yake, lakini kusema kweli alikwenda kwa wifi yake. Wawili hao walikuwa kama chungu na mfuniko. Waliteta, wakacheka, wakateta tena. Kimya alisalimia, akakaa nao kidogo kwa adabu, kisha akajiondokea kwenda kile chumba kidogo cha pembeni, chenye meza chini ya dirisha na kabati refu.

Humo alikuwa akiunda ndege. Hazikuwa za kuruka. Zilikuwa ndege ndogo za plastiki, mfano wa zile kubwa, zinazouzwa kwenye maboksi vipande vipande. Unavikata kutoka kwenye fremu zake, unavisugua, unaviunga, unavipaka rangi. Boksi moja lilimchukua mwaka, pengine zaidi.

"Mimi nina mke mwenza," wifi alizoea kusema. "Wa plastiki. Na anajipaka manukato makali kuliko mimi." Alikuwa na maana ya rangi na gundi, ambazo harufu yake ilipita chini ya mlango hata sebuleni.

Kitinda alizitazama zile ndege mara kadhaa, kutoka mlangoni. Akasema nzuri, kama mtu anavyosema mtoto wa jirani ni mzuri. Moyoni alidhani kaka yake alikuwa mpweke tu, na anatafuta mahali pa kujificha.

Halafu macho ya Kimya yakaingia dosari. Hayakupofuka yote. Katikati ya kila alichotazama palikaa doa, kama mtu ameweka kidole kwenye kioo, na doa halikuondoka. Pembeni aliona, katikati hakuona. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hilo si jambo la kupasua likaisha. Siku ile Kitinda alipokwenda kumpa pole, kaka yake alimgeuzia uso kidogo kando akasema, "Nakuona masikio, Kitinda. Uso sikuoni." Kisha akaulizia watoto. Tangu hapo boksi jipya halikufunguliwa tena katika chumba kile, na alasiri zake akazimalizia redioni.

Sasa Jumamosi moja wifi alikuwa anafua mapazia, na kwa kuwa goti lilimsumbua, Kitinda ndiye aliyepanda kwenye kigoda kuyateremsha. Walimaliza sebule, wakamaliza chumba cha kulala, wakaingia kile chumba kidogo.

"Wifi, angalia, fimbo ya pazia ina msumari upande wa kabati," alisema wifi, ameshika kigoda kwa mikono miwili.

"Nauona."

"Unauona, au unasema unauona?"

"Mimi naona ufa wa jino mwembamba kuliko unywele. Nitashindwa kuona msumari?"

Kweli aliuona msumari, akauepa. Asichokiona ni upindo wa pazia, ambao ulikuwa umelala juu ya kabati na kulishika bawa la ndege iliyosimama mbele ya wenzake. Kitinda alipovuta, ndege ikaja nayo. Ilipita mbele ya uso wake polepole kabisa, au ndivyo alivyokumbuka baadaye, akaona hata madirisha yake madogo yakipita. Halafu ikapiga vigae. Sauti yake haikuwa kubwa, kama kijiko kinapoanguka jikoni kwa watu wengine.

Chumba cha pili, redio ikazimwa.

Wanawake wale wawili hawakusogea. Walisikia hatua za Kimya, mkono ukipapasa ukuta wa ukumbini, mpaka akasimama mlangoni.

"Msitembee," akasema.

"Kaka, nisamehe. Nimeangusha ndege yako."

"Ipi?"

"Ile ya abiria. Ya injini mbili."

Kimya alivuta pumzi, akaishikilia kidogo, akaiachia. "Ehe," akasema. "Hiyo." Kitinda akaanza kushusha mguu. "Usiteremke, Kitinda. Vitu vikianguka, watu huvimalizia kwa miguu. Mama, iko wapi tochi?"

Mama alikuwa ni wifi, na tochi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Kimya alimwelekeza aizime taa ya juu, afunge ubao wa dirisha, kisha ailaze tochi chini kabisa, mwanga utambae juu ya vigae. Wifi, goti na yote, akalala kifudifudi kama mtu anayemtafuta paka. Akawasha.

Sakafu iliyoonekana tupu ikajaa vivuli. Kila chembe, hata iliyokuwa ndogo kama mbegu ya ufuta, ilijitokeza na kivuli chake kirefu kama cha mtu jioni. Kitinda aliyatazama hayo akiwa juu ya kigoda, pazia begani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa la kusema.

Kimya aliviita kimoja kimoja. Wifi akiokota, yeye anauliza, "Kina umbo gani?"

"Kama punje ya mchele iliyokatika."

"Taa ya ncha ya bawa. Weka."

"Hiki kama kijiti, kina duara huku."

"Mguu wa tairi. Uko mzima au una mkia mweupe?"

"Mweupe."

"Umevunjika. Weka."

Walivipanga juu ya foronya nyeupe. Walipomaliza, kilichokosekana kilikuwa jani moja tu la pangaboi la kushoto. Walilitafuta mpaka kwenye mapindo ya pazia, mpaka ndani ya kandambili za wifi, halikuonekana. Bawa la kushoto lilikuwa limeng'oka shinani. Kioo cha mbele cha rubani kilikuwa kimebanduka. Na kiwiliwili chenyewe kilikuwa kimefumuka kwenye mshono wa juu, kuanzia puani kikikaribia mkiani, kama ganda la karanga lililobanwa kidogo tu.

"Basi, ahsanteni," alisema Kimya. "Ikunjeni humo humo, niihifadhi."

"Uihifadhi uifanyie nini?" aliuliza Kitinda.

Swali lilipokwisha kumtoka ndipo Kitinda alipofahamu alichouliza. Yule asingeweza kuitengeneza tena. Aliyeweza alikuwa amesimama juu ya kigoda na pazia begani.

"Nitaitengeneza mimi," akasema.

"Si jino, Kitinda."

"Na mimi si mng'oaji, kaka. Kazi yangu ni kurudisha."

Kimya aligeuza uso kando, kama afanyavyo akitaka kumwona mtu. "Haya," akasema. "Njoo na mwanga mzuri."

Jumamosi iliyofuata alikuja na sanduku lake zima la kazi, kama mkunga. Waliisogeza meza ya kulia chakula dirishani. Wifi alitandika shuka. Kimya akakaa upande mmoja, mikono juu ya meza, na Kitinda akafungua foronya.

Aliianza kazi kama alivyozoea: kwanza usafi. Gundi ya zamani ilibaki kwenye mshono uliofumuka, na ili aikwangue ilimbidi aipanue ndege mpaka nusu zake mbili ziachane. Zikaachana kwa sauti ndogo. Akailaza nusu ya kulia kwenye kiganja, akashusha lenzi.

Wifi, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, aliona mkono wa Kitinda umesimama hewani na kile kikwangulio. Ukakaa hapo hapo.

"Umechomwa?" akauliza.

Kitinda aliisogeza ile nusu karibu zaidi na jicho.

Ndani ya ndege kulikuwa na viti. Hilo lenyewe lisingemshangaza, huenda viti vilitoka kwenye boksi. Lakini viti hivi vilikuwa na kitambaa cheupe kila kimoja mahali pa kuegemeza kichwa. Kila kitambaa kilikuwa na upindo. Alisogeza taa. Mikanda ya viti ilikuwa vipande vya karatasi ya fedha, ile inayofunika vidonge, na kila mkanda ulikuwa na kishikizo chake. Baadhi ilifungwa vizuri mapajani pa hewa, mingine iliachwa inaning'inia, kama watu walivyo. Madirishani kulikuwa na mapazia yasiyozidi ukucha wa mtoto mchanga, na moja lilikuwa limevutwa nusu.

Alibadilisha lenzi, akaweka ile kali. Aliogopa kidogo kuitazama, maana alijua tabia yake. Sasa umbea utaanza, alijisemea. Sasa nitaona mahali alipochoka.

Aliona mshono kwenye kingo za viti, umechorwa kwa rangi, mwembamba kuliko unywele. Aliona zulia lililofifia njiani, katikati tu, mahali watu wanapopita. Aliona kwamba viti vilikuwa vimebonyea, kila kimoja kwa namna yake, huyu mzito, huyu mwepesi, huyu ameegemea dirisha. Ilikuwa kama abiria wameshuka sasa hivi na joto lao bado halijatoka. Kila alivyokuza, vitu viliongezeka. Miaka yote lenzi ilikuwa inazishusha kazi za watu machoni pake, na leo ilikuwa inaongeza, na hakujua itaongeza mpaka wapi.

"Kaka," alisema mwishowe, na sauti ilitoka ndogo. "Hivi viti ulivibonyeza na nini?"

"Kichwa cha pini. Plastiki ikiwa ina moto kidogo." Kimya alikuwa ametulia, uso kando. "Vyote umeviona vimebonyea?"

"Vyote."

"Angalia tena."

Akaangalia safu baada ya safu. Cha mwisho kabisa, karibu na mlango, kilikuwa kimenyooka kama kilitoka dukani. "Hiki cha mlangoni hakijakaliwa."

"Hicho cha mhudumu," alisema Kimya. "Huyo hapati nafasi ya kukaa."

Wifi akaweka ungo chini. "Kama mimi," akasema. "Hebu nipishe nione."

Kitinda alimvika miwani. Wifi aliinama juu ya meza akiwa na maneno yake tayari mdomoni, kama kawaida yake, na Kitinda akayaona yale maneno yakirudi ndani. Alitazama kwa muda mrefu. Aliinua uso, akamtazama mumewe, akaushusha tena. Halafu akavuta kiti akakaa kabisa.

"Kimya kingi kina mshindo," alisema polepole. "Wahenga walisema, nami nikadhani wanasema radi." Na baadaye kidogo, bado ameinama, "Miaka yote hiyo mimi nafungua madirisha harufu itoke."

"Ilikuwa harufu mbaya kweli," alisema Kimya.

"Ulitumia nini kushika vitu vidogo hivi?"

Kimya alisita. "Kibano."

"Kibano kipi?"

"Cha nyusi."

"Changu?" Wifi alivua miwani. "Kile nilichomsingizia dada yako?"

"Ulinisingizia mimi?" aliuliza Kitinda.

"Ni zamani, wifi, tuliza moyo," alisema wifi, na wote watatu wakacheka, Kimya bila sauti, mabega tu yakimtikisika.

Walipotulia Kitinda aliuliza kilichokuwa kinamkaa kooni. "Kaka, hivi ukishaifunga, haya mambo nani angeyaona?"

"Hakuna mtu."

"Na ulijua wakati unatengeneza?"

"Nilijua. Madirisha madogo, ndani giza. Huoni kitu."

"Sasa kwa nini?"

Kimya alipapasa ukingo wa meza, huku na huku. Hakuwa mtu wa kuulizwa kwa nini. "Watu wanasafiri humo, Kitinda," akasema. "Huwezi kuwakalisha kwenye plastiki tupu."

Kitinda aligeuka akatazama kule kwenye chumba kidogo, mlango ulikuwa wazi, ndege nyingine zilionekana juu ya kabati zimepangwa pua mbele. Zote zilikuwa nzima.

"Na zile? Ndani zina nini?"

"Zile zimefungwa," alisema kaka yake. "Ngoja siku ya kufua mapazia."

Basi wakaanza kazi. Kitinda alidhani anaijua, kumbe anajua nusu. Alitoa kichupa chake cha maji makali ya kuchanganyia unga wa meno ya bandia, ambayo kazini yalimwunganishia kila kitu, na alikuwa ameshachovya brashi Kimya aliposikia harufu.

"Hayo ni ya nini?"

"Yanashika vizuri sana."

"Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa."

Alijaribu kwenye kipande cha fremu ya zamani. Kilinywea kama mshumaa juani. Kitinda alikifunga kichupa taratibu, akakirudisha sandukuni, akakaa mikono mapajani kama mwanafunzi. Tangu hapo alifanya alivyoambiwa.

Akaambiwa kila kiungo akijaribu bila gundi kwanza, mara nyingi, mpaka kikae chenyewe kwa hiari yake. Akaambiwa gundi ya plastiki haipakwi kama samli. Inaguswa tu mwanzo wa mshono, nayo inatambaa yenyewe. Kioo cha rubani kitumie gundi nyeupe ya watoto wa shule, kwa sababu ile kali hutoa moshi na kioo kikapata ukungu, "na rubani lazima aone," alisema Kimya. Mguu wa tairi na bawa aliviunga kwa njia yake mwenyewe. Alitoboa kitundu huku na kitundu huku kwa drili ndogo, akapitisha waya ndani, kama anavyotia nguvu meno yaliyowahi kukatika. Kimya alilishika bawa, akalitikisa kidogo, akaguna. Kwa Kimya, kuguna ilikuwa hotuba.

Lile jani la pangaboi lililopotea nalo lilikuwa kazi ya Kitinda peke yake. Alikwenda na pangaboi zima la kulia kazini kwake, akalichukulia kipimo kwa unga ule ule ambao daktari hutumia kwa fizi, akamimina plastiki ya meno. Aliporudi nalo lilikuwa na rangi ya jino, maana hakuwa na rangi nyingine.

"Ndege yako ina jino la bandia, kaka."

Kimya aliliviringisha kati ya vidole. "Na linatafuna upepo," akasema. Wifi alimtazama mumewe kama mtu aliyesikia kabati likiimba.

Kosa kubwa lilitokea kwenye bawa. Jumamosi hiyo Kitinda alikuwa na haraka ya kuona limekaa. Akagusa gundi zaidi ya kiasi, ikatambaa mpaka chini ya dole gumba lake, na alipoinua mkono, alama ya dole ilikuwa imebaki juu ya bawa, mistari yake yote, kama amepigwa muhuri wa polisi. Alitaka kulia. Akafuta, ikawa mbaya zaidi.

Kimya alinyoosha mkono, akapewa. Vidole vyake vilitembea juu ya bawa bila kugandamiza. "Hiki ni kidole chako," akasema.

"Ndicho. Nimeharibu."

"Gundi ikiwa mbichi, usiiguse. Wiki ijayo itakuwa ngumu. Tutapiga msasa."

Na wiki iliyofuata wakapiga msasa, wenye maji, mwororo, mmoja akisugua na mwingine akipapasa. Hapo ndipo Kitinda alipoona jambo jingine la kumnyamazisha. Alisugua mpaka lenzi yenyewe ikasema pamelainika. Akampa kaka yake. Kimya akapitisha kidole mara moja. "Hapa kuna kilima."

"Sioni kilima."

"Kipo."

Akainamisha bawa chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake, na kilima kilikuwepo, kivuli chembamba cha kitu ambacho jicho lilipita juu yake bila kukijali. Akasugua tena. "Na hapa bonde dogo," alisema Kimya. Lilikuwepo bonde. Kitinda aliitazama ile mikono ya mtunza stoo, mikubwa, kucha zimekatwa mpaka nyamani, ikisoma plastiki kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Akawaza ni mara ngapi alishikana nayo mlangoni, habari za asubuhi, habari za jioni, bila kujua ameshika nini.

Rangi haikuwasumbua. Rangi ya ndege ilikuwa ya fedha, lakini ilikuwa imekaa juani miaka. Kitinda aliikaribia kwa tone la manjano na tone la kahawia, akijaribu pembeni, akingoja likauke, akijaribu tena. "Mtu wa makamo ukimpa jino jeupe la kijana, umemtangaza," alimweleza wifi. Alipomaliza, wifi alitafutishwa mahali bawa lilipoungwa. Akaonyesha bawa la kulia, ambalo halikuwahi kuvunjika.

Ikabaki kufunga kiwiliwili. Walikuwa wameacha hilo kuwa la mwisho, na hakuna aliyesema kwa nini. Nusu mbili zilikuwa mezani, safi, zimejaribiwa, zinakaa vizuri. Kitinda aliandaa utepe na mipira ya kubania. Kisha akaona kaka yake haondoi mkono.

"Kabla hujafunga," alisema Kimya, "niambie kilichomo."

Kitinda alishusha lenzi. Akamwambia, akianzia mkiani. Akataja kiti cha mhudumu, mapazia, lile lililovutwa nusu. Akataja vitambaa vya vichwani, na kwamba kimoja kilikuwa kimepinda.

"Makusudi," alisema Kimya.

Akataja zulia. Akafika chumba cha rubani, akahesabu saa za vipimo zilizopangwa ukutani mwake, kila moja na mshale wake, na mishale yote haikuelekea upande mmoja. Sauti yake ilikuwa imeshuka ikawa kama ya mtu anayesoma karibu na aliyelala. Kimya alikuwa amefumba macho.

"Umemaliza?"

"Nadhani nimemaliza."

"Nyuma ya kiti cha rubani."

Alisogeza taa, akaigeuza nusu ile kidogo sana. Katika pembe ambayo hakuwa ameimulika, kwenye kijiti chembamba, lilitundikwa koti, dogo kama bawa la nzi. Lilikuwa na kola, na mkono mmoja wa koti ulikuwa umegeuka ndani nje, kama vile mwenyewe alilivua kwa haraka. Wiki zote hizo lilikuwa mbele yake.

"Kuna koti," alisema Kitinda.

"Bado lipo," alisema kaka yake, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo Kitinda hakuwahi kuiona. "Niliogopa limeanguka."

Kitinda alinyanyua nusu mbili azikutanishe.

"Ngoja kidogo," alisema wifi. Aliomba miwani, akainama, akatazama kwa mara ya mwisho, kutoka mkiani mpaka puani, bila haraka. Kisha akavua. "Haya. Fungeni."

Wakafunga. Kimya ndiye aliyebana, kwa sababu vidole vyake vilijua zimekutana sawa. Kitinda aligusa brashi mwanzo wa mshono, na gundi ikakimbia yenyewe kutoka puani kwenda mkiani, mstari mmoja uliong'aa kisha ukapotea.

Ndege haikurudi kabatini. Wifi aliondoa chombo cha maua ya plastiki kwenye meza ndogo ya sebuleni, akaiweka hapo, na akatangaza kwamba atakayepita karibu na pazia atamjibu yeye. Jioni moja jirani wao fundi bomba alikuja kukaza bomba la jikoni, akaiona alipokuwa anapewa maji ya kunywa.

"Nzuri," akasema. "Inaruka?"

"Hairuki," alisema Kimya.

"Humo ndani," alisema wifi, "kuna viti, na kila kiti kimebonyea kwa uzito wa mtu wake. Na mikanda. Na koti la rubani limetundikwa."

Fundi bomba aliinama kwa heshima, akaziba mwanga kwa mikono, akachungulia dirisha moja, akachungulia la pili. Kulikuwa na giza tu. Alinyooka, akamtazama Kitinda, kama ndiye mwenye akili timamu pale ndani, apate msaada.

"Vipo," alisema Kitinda.

"Sasa mmejuaje, na hamuoni kitu?"

"Mimi nilikuwa humo," alisema wifi, akapokea bilauri yake na kwenda zake jikoni.

Fundi bomba alicheka, akakusanya spana zake. Kitinda hakucheka. Alibaki amekaa karibu na kaka yake, hawasemi neno, na kwa muda mrefu hakuona haja ya kusema.